Anwani Sahihi, Cheti cha Uongo: Kisa cha MyEtherWallet, Aprili 2018

Jumanne tarehe 24 Aprili 2018, mtu mmoja aliamka, akawasha kompyuta na kufungua MyEtherWallet, tovuti aliyoitumia kufikia akiba yake ya sarafu ya Ether. Pembeni mwa anwani akaona kivinjari kinalalamika kwamba cheti cha tovuti si halali. Hakupuuza. Aliisoma upya anwani, akaisoma tena mara ya tatu. Akaenda Google, akaitafuta tovuti na kuingilia huko, akafika palepale. Akatumia na kile kijiprogramu cha kwenye kivinjari kinachowatambua matapeli wa sarafu za kidijitali, nacho hakikuona kosa. Bado moyo ulikataa. Alisimulia mwenyewe baadaye, hadharani, kwamba mwili wake wote ulimwambia asiingie. Akaingia. Pale pale ikatokea saa inayohesabu kurudi nyuma, kama sekunde 10 hivi, kisha pesa zote alizokuwa nazo zikahamia pochi ya mtu mwingine.

Mimi husimama sana kwenye masimulizi yake kuliko kwenye ufundi wa wizi wenyewe, ingawa ufundi nao si mdogo. Tumezoea kuambiana kwamba watumiaji wa kawaida hawasomi maonyo, wanabonyeza tu. Huyu alisoma. Alishtuka, akachunguza kwa kila kifaa alichokuwa nacho, na uchunguzi wake ukamwambia apite. Ukitaka kujua watu wanafanyaje mbele ya onyo la cheti, anza na huyu, si na yule mvivu wa kwenye mifano ya semina.

Wizi ulivyopangwa

Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Ukiandika jina la tovuti, kifaa chako huuliza kwanza: jina hili linakaa namba gani? Kazi ya kujibu swali hilo inafanywa na mfumo wa DNS, na MyEtherWallet ilikuwa imeikabidhi kwa huduma ya Amazon iitwayo Route 53. Ila seva za Route 53 nazo zina anwani zao za namba, na kuzifikia kunahitaji njia. Njia hizo hutangazwa na mitandao yenyewe kwa lugha ya BGP: kila mtandao huwaambia majirani zake, "anwani hizi ziko kwangu, pitieni huku." Majirani huamini, nao huwapasha majirani zao. Mpango huu ulijengwa na watu waliokuwa wakifahamiana, na mpaka leo sehemu kubwa yake inakwenda kwa kuaminiana.

Kuna kanuni moja ndogo inayoleta balaa. Matangazo mawili yakigongana, linalotaja eneo dogo zaidi ndilo linalofuatwa. Ukimwulizia mtu, mmoja akakujibu "yuko Magomeni", mwingine akasema "yuko Magomeni Mapipa, nyuma ya msikiti", utamfuata wa pili, maana anaonekana anajua zaidi. Amazon ilikuwa ikitangaza anwani zake kwa mafungu ya 512. Saa 11:05 kwa saa za UTC, yaani saa nane na dakika tano mchana kwetu Afrika Mashariki, mtandao wa eNet wa Columbus, jimbo la Ohio, ukaanza kutangaza mafungu matano ya anwani hizohizo, kila fungu likiwa na anwani 256. Jumla 1,280. Baadhi ya majirani walipokea, ukiwamo Hurricane Electric, mmojawapo wa mitandao mikubwa duniani, na kutoka hapo tangazo likasambaa. Amazon ilisema baadaye kwamba mifumo yake haikuvunjwa. Mtoa huduma mwingine ndiye aliyeingiliwa na wahalifu, wakatumia mtandao wake kutangaza njia za uongo.

Hali hiyo ilidumu hadi saa 12:55 UTC. Kwa karibu saa mbili, waliouliza njia ya kwenda MyEtherWallet kupitia mitandao iliyodanganyika walijibiwa na seva za wezi. Seva hizo zilijua jina moja tu. Ukiziuliza tovuti nyingine yoyote miongoni mwa maelfu zinazotegemea Route 53, zilirudisha kosa. Ukiziuliza myetherwallet.com, zilikutuma kwenye seva iliyoko Urusi, na huko ulikuta ukurasa unaofanana na ule wa kweli.

MyEtherWallet ilisema wengi wa waliopatwa walikuwa wakitumia DNS ya Google, ile ya 8.8.8.8, na ikawashauri wateja wahamie kwa muda ile ya Cloudflare, kampuni nyingine ya huduma za mtandao. Cloudflare wenyewe, kwenye uchambuzi wao wa tukio, walikiri kwamba huduma yao ya 1.1.1.1, iliyokuwa na umri wa wiki tatu tu, nayo ilidanganyika katika baadhi ya vituo: Chicago, Sydney, Bangkok, Manila, na vilivyo karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili, Muscat na Jibuti. Kwa hiyo ushauri wa "badilisha DNS" ulikuwa wa kubahatisha. Mtumiaji hana namna ya kujua njia ipi imeharibika upande upi wa dunia, na hatakiwi kujua.

Kitu kimoja ambacho wezi hawakuwa nacho

Hadi hapo walikuwa wamepata karibu kila kitu. Jina lilikuwa la kweli, njia ilikuwa yao, na sura ya ukurasa walikuwa wameshainakili. Walikosa saini.

Cheti cha tovuti ni kama ile barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Yeyote anaweza kuandika barua inayosema "mimi ni fulani, mkazi wa hapa". Barua inapata nguvu pale mwenyekiti anapogonga muhuri, na ofisi unayoipelekea inamtambua mwenyekiti huyo. Kwenye mtandao wenyeviti ni mamlaka za vyeti, na vivinjari huja na orodha ya mamlaka vinazozitambua. Wezi hawa walijigongea muhuri wenyewe. Cheti chao kilikuwa na jina la myetherwallet.com na saini yao wenyewe chini. Kivinjari kikakitazama na kukataa.

Kwa anayetumia Chrome, mwaka ule kukataa kwenyewe hakukuwa kwa kunong'ona. Ukurasa mzima uliondolewa, mahali pake pakaja pembetatu nyekundu na maneno makubwa kwamba muunganisho wako si wa faragha, kisha sentensi iliyosema waziwazi kwamba huenda wavamizi wanajaribu kukuibia taarifa zako katika tovuti hii, kwa mfano manenosiri, ujumbe au kadi za benki. Kitufe kikubwa cha buluu kilikuwa cha kurudi mahali salama. Aliyetaka kuendelea alitakiwa kwanza abonyeze neno dogo la kijivu, maelezo zaidi yafunguke, ndipo chini kabisa akute kiungo cha kwenda kwenye tovuti, nacho kimebandikwa tahadhari kwamba si salama. Mibofyo miwili ya makusudi. Haikuwa bahati mbaya ya kidole.

Waliopita walikutana na ukurasa walioufahamu. MyEtherWallet haikuwa benki inayokutunzia pesa; ilikuwa dirisha tu la kufikia pochi yako kwenye mnyororo wa Ethereum, yaani daftari la pamoja la kidijitali linalotunza hesabu za Ether, na kulifungua uliweka ufunguo wako wa siri wewe mwenyewe, au faili lake pamoja na nenosiri. Ufunguo ukishaandikwa kwenye ukurasa wa mwizi, kazi imekwisha. Ukikosea kutuma pesa kwa simu, angalau kuna namba ya kupiga na mtu wa kumlilia arudishe muamala. Kwenye Ethereum hakuna. Siku ile ziliondoka Ether zipatazo 215, ambazo kwa bei ya wakati huo ya takriban dola 700 kila moja zilikuwa kama dola 150,000.

Kwa hiyo katika mnyororo wote, kuanzia Ohio hadi kwenye meza ya mtumiaji, kifaa kimoja tu kilitimiza kazi yake kikamilifu, nacho ni lile onyo. Lilitokea kwa wakati, likasema kweli, likataja hata aina ya hatari. Ndiyo maana kisa hiki kinauma.

Onyo liliuliza hivi, mtu akajibu vile

Turudi kwa yule bwana na ukaguzi wake, maana hapo ndipo pana mali.

Tazama alichokagua. Anwani: anwani ni jina. Google: Google ilimpa jina lilelile. Kijiprogramu cha kutambua matapeli: hicho kina orodha ya majina mabaya, kinalinganisha jina ulilofungua na orodha yake, na jina la kweli la tovuti ya kweli haliwezi kuwa kwenye orodha ya matapeli. Alikagua kitu kimoja kwa njia tatu. Na kwa kuwa kitu hicho siku ile kilikuwa sahihi kabisa, kila alipozidi kukagua ndivyo alivyozidi kutulia.

Onyo halikuuliza kama jina ni sahihi. Lilisema kwamba anayejibu kwa jina hili hajathibitisha kuwa ndiye. Hayo ni mambo mawili, na ukitaka kuyaona yalivyo tofauti mfikirie mtu aliyeibiwa laini ya simu. Unapiga namba ya mama yako. Namba ni yake, umeihifadhi miaka kumi, kwenye kioo panatokea "Mama". Anapokea mtu mwingine, anakuambia kwa sauti ya kukwaruza kwamba amelazwa, tuma hela. Ukikata na kuhakiki namba mara tatu, utaikuta sahihi mara tatu.

Alijifunza wapi kukagua jina? Kwetu sisi, wote tunaojiita mafundi na washauri wa usalama. Kwa miaka tumewaimbia watu wimbo mmoja: kabla hujaweka nenosiri, angalia anwani, soma herufi moja moja, usiingilie kwenye viungo vya barua pepe. Ushauri huo ni mzuri, na kwa walaghai wengi unatosha. Katika ulimwengu wa sarafu za kidijitali ndio ulikuwa silaha kuu, kwa sababu walaghai wa huko waliishi kwa kusajili majina yanayokaribiana na ya kweli, herufi moja ikiwa imegeuzwa. Kijiprogramu chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya ulaghai huo. Mtumiaji akaelewa, kwa haki kabisa, kwamba swali la usalama ni swali la tahajia. Lilipokuja swali jingine, akalijibu kwa jibu alilofundishwa.

Kwa maoni yangu, huku si kupuuza onyo. Ni kulichukulia kwa uzito na kulitafsiri vibaya, na dawa ya hayo mawili haiwezi kuwa moja. Aliyepuuza unaweza kumpigia kelele zaidi. Aliyetafsiri vibaya ukimpigia kelele atarudi kukagua anwani mara ya nne.

Kengele inayolia kila siku

Lakini tafsiri mbaya peke yake haimalizi habari. Mtu aliyeingiwa na hofu kiasi kile angeweza kusema tu, "leo siingii, nitajaribu kesho." Kilichomwezesha kupita ni kwamba maisha yake yote ya mtandaoni maonyo haya yalikuwa yamelia bure, kama yalivyolia kwangu na kwako.

Niliwahi kukaa kwenye intaneti kafe ya mtaani nikisaidia wateja. Kompyuta moja betri yake ya bodi ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika, na ulikatika, ilipowaka ilirudi kuamini kwamba tuko mwaka 2002. Kivinjari kikifungua tovuti yenye cheti kilichotolewa juzi, kinaona cheti hicho hakijaanza kutumika, kinapiga kelele. Mteja anageuka, uso umemwiva: "Kaka, hii inasema kuna wezi." Nasi tunamjibu bila hata kunyanyuka, "Hiyo mashine ndivyo ilivyo, bonyeza endelea." Akibonyeza, barua pepe zake zinafunguka, hakuna mwizi, maisha yanaendelea. Betri ile ilikuwa kitu cha shilingi elfu moja, elfu mbili. Hatukuinunua kwa miezi. Sijui tulifundisha watu wangapi somo hilo, na tulilifundisha vizuri, kwa vitendo.

Si kafe tu. Chuo kinasahau kulipia cheti cha mfumo wa usajili, na wiki ya usajili wanafunzi wanaambiana kwenye kundi la WhatsApp, "ikitokea ile nyekundu, pita tu." Hotelini Wi-Fi inakutaka kwanza ujisajili, na kabla hujajisajili kila tovuti inatoa onyo. Wakubwa nao hawasalimiki. Shughuli za serikali ya Marekani ziliposimama kwa siku 35 kuanzia Desemba 2018, wahudumu wakiwa nyumbani bila mishahara, vyeti zaidi ya 80 vya tovuti za serikali hiyo viliisha muda bila wa kuvihuisha. Mwananchi aliyekuwa na shida na tovuti hizo alikuwa na chaguo gani?

Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alilisema hili tangu 2009, na wengi hawakupenda kulisikia: karibu maonyo yote ya vyeti anayoyaona mtumiaji wa kawaida ni ya uongo, kwa hiyo mtu anayeyapita hafanyi ujinga, anafanya hesabu. Muda wake una thamani, hatari aliyotajiwa haijawahi kumfika. Wavamizi wenyewe walikuwa hawana haja ya kusumbuka na vyeti vya uongo. Kulikuwa na njia rahisi zaidi za kuiba. Aprili 2018 hesabu hiyo ilikutana na ile siku moja ambayo haimo ndani yake.

Vipimo vilivyofanywa baadaye vinaunga mkono. Mwaka 2013 Devdatta Akhawe wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Adrienne Porter Felt wa Google walihesabu watu walivyofanya mbele ya maonyo zaidi ya milioni 25 kwenye Chrome na Firefox. Hawakuuliza watu, walipima walichofanya. Kwenye Chrome ya wakati ule asilimia 70.2 ya maonyo ya vyeti yalipitwa. Kwenye Firefox, 33. Tofauti hiyo kubwa kwa sehemu ilitokana na umbo: Chrome ilikuwa ikiomba mbofyo mmoja, Firefox mitatu. Ila mimi kilichonivutia ni maonyo ya aina nyingine, yale yanayosema tovuti hii ina virusi au ni ya kilaghai. Hayo yaliyopitwa hayakuzidi robo kwenye Chrome, na kwenye Firefox yalikuwa kama moja ya kumi. Watu walewale, mashine zilezile. Maonyo yale hayaji ovyo, hayasababishwi na betri ya bodi wala na mhasibu aliyesahau kulipia. Kengele isiyolia bure husikilizwa.

Google walijaribu kulirekebisha onyo lao. Walitaka watu waelewe hatari ni ipi, data ipi iko hatarini, na uwezekano kwamba onyo ni la makosa. Wakabadili maneno, wakayafanya mepesi, wakaweka mchoro. Kwenye kuelewa hawakufika walikotaka. Basi wakageukia umbo: njia salama ikapewa kitufe kikubwa chenye rangi, njia ya hatari ikafichwa nyuma ya neno dogo. Walipochapisha matokeo mwaka 2015, karibu asilimia 30 zaidi ya watumiaji wote walikuwa wakibaki salama. Walishindwa kuwafanya watu waelewe, wakafaulu kuwafanya watii. Onyo waliloliona watumiaji wa Chrome kwenye MyEtherWallet lilikuwa zao la kazi hiyo. Yaani lilikuwa bora kuliko yote yaliyotangulia, na bado waliopita walipita.

Utafiti wa 2017, wa Google pia, ulichambua makosa ya vyeti zaidi ya milioni 300 yaliyokusanywa ndani ya mwaka mmoja, na watafiti wenyewe walishangaa: zaidi ya nusu hayakutokana na wenye tovuti kukosea, bali na kifaa cha mtumiaji au mtandao anaoutumia. Saa mbaya za kompyuta zilikuwamo. Siku hizi Chrome ikigundua saa yako iko nyuma inakuambia hivyo, saa yako iko nyuma, badala ya kukutishia wezi. Ni mabadiliko madogo yasiyo na sifa, na nayaona yana faida kuliko semina kumi za uelimishaji, maana kila kengele ya bure inayozimwa inaipa nguvu ile ya kweli.

Kitufe kilichopaswa kutokuwapo

Baada ya tukio MyEtherWallet iliwataka wateja wahakikishe, kabla ya kuingia, kwamba wanaona mwambaa wa kijani wenye jina la kampuni kwenye anwani. Wakati huo kampuni iliweza kulipia cheti cha daraja la juu, na vivinjari vikaonyesha jina lake kamili kwa kijani. Ushauri huu nao una tatizo: unamtaka mtu agundue kwamba kitu hakipo. Jicho hukiona kilichoongezeka, kilichopungua hulipita. Chrome na Firefox walifikia hitimisho hilo hilo na kuliondoa jina hilo kwenye mwambaa wa anwani mwaka uliofuata, Septemba na Oktoba 2019.

Dawa iliyokuwapo ni nyingine. Tangu 2012 kuna kanuni iitwayo HSTS. Tovuti inakiambia kivinjari: kwangu uje kwa njia iliyosimbwa tu, isiyosomeka na wa pembeni, na cheti kikiwa na kasoro yoyote, mtumiaji asipewe ruhusa ya kupita. Kivinjari kinakumbuka. Tovuti inaweza hata kuomba jina lake liwekwe ndani ya kivinjari chenyewe, ili hata anayefika mara ya kwanza alindwe. Onyo linatokea vilevile, pembetatu ni ileile, lakini ukifungua yale maelezo ya chini hukuti kiungo cha kuendelea. Watumiaji wa MyEtherWallet waliweza kupita siku ile kwa sababu kiungo kilikuwapo. Yule bwana wetu angekagua anwani mara tatu, angeenda Google, angekasirika, labda angeandika malalamiko kwamba tovuti imeharibika. Na pesa zake zingekuwa zake.

Naelewa kwa nini wenye tovuti huiogopa. Ukishawasha HSTS, siku ukisahau kuhuisha cheti, hapiti mtu. Baadhi ya tovuti za serikali ya Marekani zilizoishiwa vyeti wakati ule wa kusimama kwa shughuli zilifungika kabisa kwa sababu hiyo, huku nyingine zikiendelea kumwachia mwananchi aamue mwenyewe. Fundi anayesimamia tovuti ya shule peke yake, bila mshahara wa maana, sitamlaumu sana akisitasita. Ila tovuti ambayo mtu anaweka ufunguo wa akiba yake yote, kumwachia kitufe cha kupita ni kumkabidhi uamuzi ambao hata mhandisi wa mitandao angehitaji nusu saa kuufikia.

Na watu hutafuta upenyo hata hapo. Chrome ina neno maalumu ambalo ukiliandika kwenye ukurasa wa onyo, bila hata kuwapo sehemu ya kuandikia, linakupitisha. Limewekwa kwa ajili ya wataalamu wanaojaribu mifumo. Google wamelazimika kulibadilisha zaidi ya mara moja, kwa kuwa kila mara neno linavuja, linaenea kwenye mitandao ya kijamii, na watu wanaanza kulitumia kwenye tovuti za kazini kwao.

Wezi nao walijifunza

Jambo linalosumbua kwenye kisa hiki ni kwamba wezi wa 2018 walifanya uzembe. Mamlaka nyingi za vyeti hukupa cheti ukionyesha kwamba unaitawala anwani, na wao kwa saa mbili walikuwa wakiitawala, angalau machoni pa sehemu ya mtandao. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha, kwa majaribio yaliyofanywa kwa tahadhari kwenye majina yao wenyewe, kwamba mshambuliaji wa BGP anaweza kupata cheti halali kutoka mamlaka 5 kubwa. Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti bure, wakalijibu Februari 2020: kabla ya kutoa cheti wakaanza kukagua anwani kutoka sehemu kadhaa za mtandao kwa wakati mmoja, ili njia iliyopotoshwa upande mmoja iumbuliwe na upande mwingine.

Wengine walichelewa. Tarehe 3 Februari 2022 huko Korea Kusini, wateja wa KLAYswap, huduma ya kubadilishana sarafu za kidijitali, waliibiwa takriban dola milioni 1.9 baada ya wezi kuteka njia ya seva iliyokuwa ikiletea tovuti hiyo kipande cha programu. Agosti mwaka huohuo zamu ikawa ya Celer, huduma nyingine ya sarafu za kidijitali, na safari hii anwani zilizotekwa zilikuwa tena za Amazon. Zikaenda kama dola 235,000. Katika visa vyote viwili wezi walichukua kwanza cheti halali, kilichosainiwa na mamlaka inayotambulika. Kivinjari kilikitazama, kikakikubali. Anayekagua anwani angeikuta sahihi, anayetafuta alama ya kufuli angeiona, na yule ambaye mwili wake humwonya asingeonywa na chochote.

Mwaka 2024 mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari walipiga kura kuufanya ukaguzi wa kutoka sehemu nyingi kuwa sharti kwa mamlaka zote, likaanza kutekelezwa 2025. Kwa tovuti ambazo hazijawasha HSTS, ule mbofyo wa pili bado upo chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo.